Karanga za Kongwa: Ada ya Somo Alilipa Nani?



Kuna msemo sisi vijana wa mjini tunaupenda kweli: kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Tunausema tukifeli mtihani, tukiachwa na mchumba, au mtaji ukizama kwenye biashara ambayo mama alituonya tangu siku ya kwanza. Wazee nao wana wao: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ubishi huu hauishi. Kijana anasema niacheni nijifunze mwenyewe, mzee anasema sisi tumeshapita huko, sikiliza.

Kwa miaka mingi nilikuwa upande wa vijana bila kujiuliza mara mbili. Nilichokuwa nimejifunza kwa kuumia kilikaa kichwani, na nilichoambiwa kiliingia huku kikatokea kule. Kilichonifanya nianze kusita si nasaha ya mzee yeyote. Ni historia ya mahali pamoja hapa hapa Bongo, panapoitwa Kongwa.

Wengi tunaifahamu Kongwa kwa kupita tu. Ukitoka Dar kwenda Dodoma unapita Kibaigwa, lile soko kubwa la mahindi, unanunua kitu dirishani basi linaondoka. Hiyo ndiyo wilaya ya Kongwa. Wachache wanakumbuka kwamba mwishoni mwa miaka ya 1940 jina hilo lilikuwa linatajwa katika Bunge la Uingereza, na si kwa sifa. Hebu tukae chini tuisimulie vizuri, kisha tuone inatufundisha nini kuhusu ubishi wetu.

NJAA YA MAFUTA

Mwaka 1946 Vita Kuu ya Pili imekwisha. Uingereza imeshinda lakini imechoka, ina madeni, na chakula bado kinagawiwa kwa kadi. Moja ya vitu vilivyoadimika ni mafuta, na hapa sizungumzii petroli. Nazungumzia mafuta ya kupikia, siagi ya kupaka mkate na mafuta ya kutengenezea sabuni.

Machi mwaka huo bwana Frank Samuel, mkurugenzi mtendaji wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, alikuwa safarini Tanganyika. Kutoka kwenye ndege aliona nchi pana, vichaka mtindo mmoja, watu wachache. Akapata wazo: kwa nini vichaka hivi visifyekwe kwa mashine, zikapandwa karanga, zikakamuliwa mafuta, na mama wa London akapata ya kukaangia?

Serikali ya chama cha Labour ikalipokea wazo kwa mikono miwili. Ukatumwa ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Walizunguka kwa muda wa miezi miwili hivi, sehemu kubwa wakitazama ardhi kutoka angani, wakarudi na ripoti yenye takwimu za kutisha. Zifyekwe ekari 3,210,000. Zigawanywe katika mashamba 107, kila moja ekari 30,000. Mashamba 80 yawe Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) na 10 Kenya. Gharama ingekuwa karibu pauni milioni 24, na baada ya miaka michache zingevunwa tani 600,000 za karanga kwa mwaka.

Shamba la ekari 30,000! Mwambie mkulima yeyote wa Dodoma halafu mtazame usoni.

Sasa hapa naomba tuwe makini. Wazo la kuanza na shamba dogo la majaribio halikuwa geni kwa wakubwa hao. Lilizungumzwa, likawekwa kando. Hoja ilikuwa kwamba hakuna muda, watu Uingereza wanahitaji mafuta sasa, na majaribio yatachelewesha kazi. Yaani mtu ana haraka kiasi kwamba hana muda wa kukosea kidogo. Basi akajikuta anakosea sana.

ALICHOJUA MGOGO

Kongwa ilichaguliwa kuwa mahali pa kuanzia. Haikuwa mbali na Reli ya Kati, na vichaka vyake vilionekana vyepesi kuliko vya Urambo huko magharibi au Nachingwea huko kusini. Mapema mwaka 1947 kikosi cha kwanza kikaingia.

Wenyeji wa pale ni Wagogo. Watu wa mjini tumezoea kumtania Mgogo, lakini kwa habari ya kuishi kwenye nchi kame huyu ni profesa. Ugogo hupata mvua za msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, kiasi cha milimita 500 hadi 600 kwa mwaka mzuri. Tatizo si uchache peke yake, ni ukorofi. Mvua inaweza kunyesha vizuri Januari, ikakata Februari yote, ikarudi Machi wakati mimea imeshakauka. Inaweza kunyesha kwa jirani, kwako ikapita juu tu.

Mgogo alishajipanga kwa hilo. Alipanda uwele na mtama, nafaka zinazovumilia kiu. Karanga na njugu mawe alipanda pia, lakini vipande vidogo, pale alipojua udongo unakubali. Hakuweka mbegu zote siku moja wala shamba lote mahali pamoja. Nyumba zilikaa mbalimbali, si kwa sababu watu hawapendani, ila kwa sababu kila mtu alihitaji nafasi ya shamba na malisho. Na juu ya yote alikuwa na ng'ombe. Mvua ikikataa, mtama unaisha, lakini ng'ombe anatembea kwenda kwenye majani, na anaweza kubadilishwa na nafaka kwa watu wa mbali.

Ujuzi huo Mgogo hakuusoma popote. Aliulipia kwa njaa, moja baada ya nyingine. Kubwa kuliko zote ni ile aliyoiita Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalipita Ugogo katika Vita Kuu ya Kwanza yakachukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua wanaume kuwa wapagazi, kisha mvua nayo ikagoma. Maelfu kwa maelfu walikufa. Wazee waliokuwa Kongwa mwaka 1947 walikuwa watoto au vijana wakati wa Mtunya. Walichojua kuhusu ile ardhi kilikuwa kimeandikwa makaburini.

Tena hata kama hutaki kumsikiliza Mgogo, Mpwapwa ilikuwa pale pale jirani. Serikali ilikuwa na kituo cha mifugo huko tangu enzi za Mjerumani. Kituo cha mifugo, wadau! Serikali yenyewe ilishajua kwamba nchi ile ni ya ng'ombe.

MATREKTA YANAKUJA

Matrekta mapya hayakupatikana, maana dunia nzima ilikuwa inayatafuta. Yakanunuliwa makuukuu yaliyoachwa na majeshi, mengine kutoka Ufilipino. Vifaru vya vita vikageuzwa matrekta na kampuni ya Vickers. Bandari ya Dar es Salaam ya wakati huo, isiyo na gati la maana, ikaziba. Reli ikaelemewa.

Mashine zilizofika Kongwa zikakutana na kitu ambacho hakikuonekana kutoka kwenye ndege. Juu kulikuwa na vichaka, chini kulikuwa na mizizi iliyosukana. Ukikivunja kichaka mizizi inabaki, na mizizi hailimiki. Kulikuwa na mibuyu, na ndani ya mibuyu kulikuwa na nyuki, na nyuki hawana habari na bunge la mtu. Udongo nao ulikuwa na mchanga unaokula chuma kama msasa, pamoja na mfinyanzi ambao kiangazi unakuwa kama zege. Majembe yakaisha makali. Kabla mwaka haujakwisha sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa mbovu, na mafundi hawatoshi.

Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500.

Mwaka huo huo makuli wa bandari ya Dar es Salaam walianzisha mgomo mkubwa, mishahara haikutosha na bei za vitu zilikuwa zimepanda. Mgomo ukasambaa bara, na Kongwa nako wafanyakazi wakagoma. Hawa nao hawakuwamo kwenye hesabu za ripoti.

Mwaka 1948 kazi ikahamishwa kutoka kwa kampuni kwenda kwa shirika la umma, Overseas Food Corporation, mwenyekiti wake Leslie Plummer. Kongwa akapelekwa jenerali wa jeshi, Desmond Harrison, kana kwamba vichaka vinaogopa vyeo. Msimu wa 1948/49 mvua zikafanya kile Mgogo alichojua zitafanya: zikakata mapema. Karanga hukomaa chini ya ardhi. Ardhi ile ya mfinyanzi ikakauka ikashika, na hata zile zilizozaa zikawa ngumu kung'olewa. Wakajaribu alizeti, ukame ukaipiga nayo.

Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba mpango umekufa. Deni lililofutwa lilikuwa kama pauni milioni 36. Mama wa London hakuona mafuta ya Kongwa.

JE, HAWAKUSHAURIWA?

Hapa ndipo wazee wetu wanaposimama na kusema: si unaona? Hawakusikia la mkuu. Nami nilipofika hapa nilikuwa karibu kukubali yaishe.

Lakini ngoja kwanza. Si kweli kwamba watu wa Kongwa hawakufuata ushauri. Walifuata ushauri mno! Mpango mzima ulikuwa ni ushauri. Wakefield alikuwa bwana shamba mkubwa mwenye miaka mingi ya kazi, si mtu wa kuokotwa barabarani. Ripoti yake ilisainiwa, ikapigwa chapa, ikapita kwa mawaziri. John Strachey, waziri wa chakula, angeweza kusema mbele ya Bunge kwamba aliwasikiliza wataalamu, na asingekuwa mwongo.

Kwa hiyo tatizo halikuwa kusikiliza au kutosikiliza. Ushauri ulikuwa wa aina mbili. Kulikuwa na ushauri wa mtu aliyekaa miezi miwili, ambaye mvua ikikata atapanda meli. Na kulikuwa na ushauri wa mtu ambaye mvua ikikata atazika watoto. Wa kwanza uliandikwa kwa Kiingereza kizuri na takwimu. Wa pili haukuombwa.

Na hayo makosa je, si yalifundisha? Ndiyo, lakini angalia yalimfundisha nani, na kwa bei gani. Waliotoa fedha ni walipa kodi wa Uingereza, ambao hawakuulizwa. Waliochubuka mikono ni vibarua. Waliopoteza ardhi ni wenyeji. Waziri Strachey mwaka 1950 alihamishwa akawa waziri wa vita. Naomba uelewe: simsemi vibaya marehemu. Ninachosema ni kwamba kosa humfundisha yule linayemuuma, na mara nyingi anayeamua siye anayeumia.

Kuna sehemu ya hadithi hii ambayo watu huisahau. Mradi ulipokufa, mashamba yaliyobaki yalikabidhiwa shirika dogo zaidi, Tanganyika Agricultural Corporation. Hawa hawakuwa na fedha za kuchezea. Wakaanza kufanya mambo kidogo kidogo. Urambo wakajaribu tumbaku kwa wakulima wadogo wapangaji, ikakubali, na Urambo ikajulikana kwa tumbaku. Na Kongwa? Kongwa wakafuga ng'ombe. Ndiyo ile ranchi ya Kongwa ambayo baadaye ilikuja kuwa chini ya NARCO.

Rudia kusoma hapo. Baada ya ndege, jenerali, vifaru na pauni milioni 36, waliishia kufanya kile alichokuwa anafanya Mgogo siku walipomkuta.

Na karanga? Karanga zinalimwa Dodoma mpaka kesho. Zinalimwa na wakulima wadogo, na kituo cha utafiti cha Naliendele kule Mtwara kimewatolea mbegu zinazowafaa, kama ile ya Pendo ya mwaka 1998 inayokomaa mapema. Karanga hazikuwahi kukataa. Kilichokataa ni ekari 30,000 kwa mpigo.

NA SISI JE?

Ingekuwa rahisi kuishia hapa, tumcheke mkoloni, tuage. Lakini mwandishi anayecheka upande mmoja tu anadanganya wasomaji wake. Twende mbele.

Tanganyika ikapata uhuru Desemba 1961. Mwaka huo huo Benki ya Dunia ilikuwa imetoa ripoti kuhusu uchumi wa nchi yetu. Moja ya mawazo yake: badala ya kuhangaika na mkulima mmoja mmoja pale alipo, hamisha wachache, wapeleke maeneo mapya, wape zana za kisasa na usimamizi. Serikali yetu changa ikauchukua ushauri huo. Mpango wa kwanza wa miaka mitano ulioanza 1964 ulikusudia vijiji zaidi ya 60 vya namna hiyo, kila kimoja kikikadiriwa kugharimu pauni 150,000.

Umesikia harufu ya Kongwa? Ilikuwa imepita miaka kumi na mitatu tu tangu mradi ule ufe. Matrekta yaleyale, mameneja walewale, mkulima amekaa pembeni anasubiri kuambiwa. Vijiji vikajaa madeni, walowezi wake wakajiona ni waajiriwa wa serikali. Mwaka 1966 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, akatangaza kwamba havitaanzishwa vingine. Na hili tuisifu serikali: iliona, ikasimama mapema.

Wakati huo huo, kule Songea, kulikuwa na jambo jingine kabisa. Vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, walikwenda porini mahali panapoitwa Litowa mwaka 1960 kuanzisha kijiji chao. Jaribio la kwanza likawashinda, chakula kikawaishia. Hakuna tume iliyoundwa, hakuna waziri aliyesimama bungeni. Walirudi nyumbani na njaa yao, wakakaa wakajiuliza, mwaka uliofuata wakarudi wakiwa wamejipanga upya. Kijiji kikasimama. Vingine vikajiunga, na mwaka 1963 wakaunda Ruvuma Development Association. Walikuwa na mshauri Mwingereza, Ralph Ibbott, lakini huyu alikuwa anaishi nao pale pale na familia yake. Walikuwa na shule yao, mashine ya kusaga nafaka na kiwanda cha mbao. Katika kilele chake umoja ulikuwa na vijiji kumi na saba hivi.

Litowa ndipo ninapopata jibu la ubishi wetu. Kosa lao lilikuwa dogo na lilikuwa lao. Waliokosea ndio walioona njaa, na walioona njaa ndio walioamua la kufanya. Ndiyo maana somo liliingia.

Mwalimu Nyerere aliipenda Litowa. Andiko lake la 1967 kuhusu ujamaa vijijini, lililofuata Azimio la Arusha, linafanana sana na yale waliyokuwa wakifanya: watu waanze wenyewe, kwa hiari, kidogo kidogo, wasilazimishwe. Lakini tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliuvunja umoja ule na mali zake zikachukuliwa. Chama kilitaka ujamaa usimamiwe na chama. Wale waliokwisha kulipa ada ya somo wakatolewa darasani.

Kilichofuata tunakijua, ingawa tunapenda kukisimulia kwa sauti ya chini. Kati ya 1970 na 1971 ikaja Operesheni Dodoma. Ndiyo, Ugogo tena. Mgogo yuleyule ambaye nyumba zake zilikaa mbalimbali kwa sababu ya ng'ombe na mashamba, akakusanywa akae karibu karibu. Novemba 1973 Mwalimu akatangaza kwamba katika miaka mitatu kila mtu wa shamba awe anaishi kijijini. Hiari ikaisha. Malori yakaja, kwingine nyumba zikabomolewa au kuchomwa ili watu wasirudi. Vijiji vingi vikawekwa kandokando ya barabara, pawe na udongo mzuri au pasiwe nao. Mwaka 1974 na 1975, ukame ukichangia, nchi ikalazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka nje. Kufikia 1977 zaidi ya watu milioni 13 walikuwa wamewekwa katika vijiji zaidi ya 7,000.

Najua hapa tutagawanyika. Wapo watakaosema bila vijiji zisingejengwa shule na zahanati zile, na watoto wengi wasingejua kusoma. Ni hoja nzito, siipuuzi. Wazazi wa wengi wetu walisoma katika shule hizo. Lakini shule haikuhitaji nyumba ya mtu ichomwe, na ile haraka ya kutosubiri majaribio ilikuwa ni haraka ileile ya 1946.

MTU ALIYEKUBALI KUKOSEA

Sasa niseme jambo linalonifanya nimheshimu Mwalimu pamoja na hayo yote. Mwaka 1977 aliandika tathmini ya Azimio la Arusha baada ya miaka kumi. Hakuandika mapambio. Alisema wazi kwamba nchi haikuwa ya kijamaa bado wala haikujitegemea, akaorodhesha makosa, na mengine aliyaweka mlangoni kwa serikali na chama chake mwenyewe. Serikali za mitaa zilifutwa 1972 na vyama vya ushirika vikavunjwa 1976. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vyote vikarudishwa. Katika mahojiano ya mwaka 1984, mwaka mmoja kabla ya kung'atuka, alikiri kwamba angepewa nafasi ya kuanza upya asingefanya mambo hayo mawili, na akataja kukosa subira kuwa moja ya sababu.

Viongozi wangapi unawajua wanaoweza kusema hivyo wakiwa bado madarakani?

Lakini bado kuna kinachonisumbua. Mwalimu alijifunza, kweli. Ila aliyelala nje na watoto mwaka 1974, alikuwa ameshalijua somo hilo kabla. Hakuhitaji kufundishwa kwamba ng'ombe wanataka nafasi. Yeye alilipa ada ya darasa ambalo mwanafunzi wake alikuwa mwingine. Na kukiri kwa 1984, hata kuwe kwa dhati kiasi gani, hakumrudishii paa.

TUNAJIFUNZA NINI SISI?

Nimerudi kwenye ubishi wetu wa mwanzo. Nadhani vijana na wazee wote tunakosea swali. Si kosa langu au ushauri wako, kipi bora. Ushauri mzuri, ukiuchunguza, ni kosa la mtu mwingine lililokwisha kulipiwa. Mgogo anapokwambia usipande yote siku moja, anakupa bure kitu kilichomgharimu Mtunya. Ukikataa zawadi hiyo kwa sababu unataka kujifunza mwenyewe, huo si ujasiri, ni kununua mara ya pili kitu ambacho kimeshanunuliwa.

Lakini si kila anayeshauri amelipa. Wengine wanasema tu. Kwa hiyo nikishauriwa siku hizi, awe mtaalamu, mjomba au rafiki wa chuo, namuuliza kimoyomoyo: wewe hili lilikugharimu nini, na likiharibika utakuwa wapi? Akiwa ataondoka na meli, nasikiliza kwa heshima, kisha natafuta Mgogo wa eneo hilo.

Na pale ambapo hakuna aliyepita kabla yako, kosea. Hakuna njia nyingine. Kosea kama vijana wa Litowa: kidogo, mapema, kwa mfuko wako, na uwe tayari kurudi nyumbani na njaa ukajiulize. Biashara ya laki mbili ikifa ni somo. Biashara ya mkopo uliodhaminiwa na nyumba ya mama ikifa, somo ni lako lakini nyumba ni ya mama. Hilo nalisema kwa sababu wengi wetu tunapodai haki ya kukosea, tukichunguza vizuri tunakuta ada analipa mzazi, mke, au mdogo wetu aliyeacha shule.

Na wale kati yetu ambao kesho tutakuwa wakurugenzi, wabunge, mabwana mipango wa wilaya, tukumbuke kwamba cheo kinaondoa maumivu ya kosa. Ukiwa juu, kosa lako halikuumi wewe tena. Kwa hiyo huwezi kutegemea kujifunza kwa kukosea kama ulivyofanya ukiwa kijana. Itakubidi umsikilize anayeumia, na umsikilize kabla, si miaka kumi baadaye katika tathmini.

Siku ukipita Kibaigwa, kabla basi halijaondoka, tazama nje. Ukiona mzee na ng'ombe wake wanavuka taratibu, usicheke. Anajua kitu kilichoigharimu serikali ya Mwingereza pauni milioni 36 kukijua.

Tafakari, halafu tubishane kwa hoja. Alamsiki.